Alvin Toffler: Fundi wa Kuchomelea Vyuma Aliyeona Maisha Yako ya Leo Miaka 50 Kabla

Kuna ile hali unasomea kitu miaka minne, ukitoka chuo unapata kazi yenyewe ishaanza kufanywa na kompyuta. Ama unajifunza programu fulani ya kuedit video, ukianza tu kuizoea, mtaani wote wamehamia ingine. Unabaki ukijiuliza kama ni wewe uko polepole ama ni dunia imepandwa na wazimu.

Relax, si wewe. Hiyo kitu ilipewa jina mwaka 1965, na aliyeipatia jina hakuwa profesa wa maneno makubwa. Alikuwa msee ametoka kiwandani, mikono ikiwa bado inakumbuka moto wa kuchomelea vyuma. Aliitwa Alvin Toffler. Alifariki tarehe 27 Juni 2016 huko Los Angeles, Marekani, akiwa na miaka 87. Kama hujawahi kumskia, leo tunakupatia risto yake yote, juu kuna mahali umeishi ndani ya kichwa chake bila kujua.

Kwa haraka

Jina: Alvin Toffler
Kuzaliwa: 4 Oktoba 1928, New York
Kufariki: 27 Juni 2016, Los Angeles
Kazi: mwandishi na mshauri wa makampuni kuhusu mambo ya kesho
Mwenzake wa maisha na wa kazi: Heidi Toffler
Vitabu vilivyovuma zaidi: Future Shock (1970), The Third Wave (1980) na Powershift (1990)

Alitoka wapi

Toffler alilelewa Brooklyn, kwa familia ya Wayahudi waliotoka Poland. Buda yake alikuwa fundi wa nguo za manyoya. Si familia ya pesa. Akiwa mtoi wa miaka saba alishaamua atakuwa mwandishi, na hakuwahi badilisha mawazo.

Alisomea Kiingereza pale New York University, na hapo chuoni ndipo alipatana na Heidi. Sasa hapa ndipo stori inageuka. Watu wakimaliza chuo, hasa wenye wanataka kuandika, hutafuta ofisi. Hawa wawili walifanya kinyume. Walihamia Cleveland, mji wa viwanda kule Ohio, wakaoana mwaka 1950 na kuingia kazi ya mkono. Alvin alichomelea vyuma na kurekebisha mashine. Heidi aliingia kiwanda cha kuyeyusha alumini, akawa mwakilishi wa wafanyakazi kwa chama chao.

Walikaa huko miaka mitano. Si likizo, si ya kupiga picha. Miaka mitano ya kuamka mapema, kelele, moshi na bosi anaangalia saa. Waliona kwa macho yao venye mashine ikiingia inapanga maisha ya mtu: saa ya kula, saa ya kulala, hata venye familia inaishi. Pia waliona wafanyakazi si wajinga venye watu wa ofisi walikuwa wanafikiria. Hilo somo ndilo lilibeba kila kitu alichoandika baadaye. Wataalamu wengine wa biashara walikuwa wanaangalia kiwanda kutoka dirishani. Yeye alikuwa amekanyaga ndani.

Kutoka kiwandani hadi kwa mabazenga

Ujuzi wa kiwanda ndio ulimfungulia mlango wa uandishi. Alianza na gazeti lililoungwa mkono na vyama vya wafanyakazi, akapelekwa Washington kuripoti siasa, kisha jarida la Fortune likamchukua aandike kuhusu wafanyakazi na baadaye kuhusu biashara. Ona hiyo safari: jarida la matajiri linatafuta mtu wa kueleza wafanyakazi, na yeye ndiye mwenye amewahi kuwa mmoja wao.

Baadaye kampuni ya IBM ilimpatia kazi ya kuandika ripoti kuhusu venye kompyuta zitabadilisha jamii na makampuni. Hii ni miaka ya sitini, kompyuta moja inajaza chumba kizima. Akafanya pia utafiti wa Xerox na wa AT&T, iliyokuwa inashika simu karibu zote za Marekani. Kwa AT&T, Toffler alishauri kampuni ianze kuachilia sehemu za biashara yake kabla haijalazimishwa. Zaidi ya miaka kumi baadaye, mwaka 1984, kampuni ilivunjwa vipande kufuatia kesi ya serikali. Ripoti yake ilikuja kutoka kama kitabu mwaka 1985, wakati kila mtu alikuwa ameona mwisho wa sinema.

Mshtuko wa kesho

Sasa turudi kwa hilo jina. Fikiria msee ametoka ushago, hajawahi kufika Nairobi. Anashukishwa katikati ya mji saa moja asubuhi. Makanga wanampigia kelele, mapikipiki yanamkwepa, kila mtu ana haraka na hakuna anayemsalimia. Kichwa kinazunguka. Si mgonjwa, ni vile alama zote alizozoea hazifanyi kazi hapo.

Toffler alisema hiyo hali inaweza kukupata ukiwa kwako, kwa keja yako, bila kusafiri popote. Badala ya wewe kuenda mahali pageni, mahali pageni panakuja kwako, tena kwa mbio. Na kuna tofauti moja mbaya. Yule wa ushago akishindwa anaweza panda gari arudi nyumbani. Wewe uliyeshtuliwa na kesho huna ushago wa kurudi. Jana yako ishabadilika pia.

Alitumia maneno hayo kwanza kwa makala ya jarida mwaka 1965. Akakaa miaka mitano akitafiti, na 1970 kitabu Future Shock kikatoka. Kiliuza mamilioni ya nakala na kutafsiriwa kwa lugha nyingi. Mwaka 1972 kikafanywa filamu ya maelezo, na sauti ya kusimulia ilikuwa ya Orson Welles.

Hesabu yake moja ndiyo ilinimaliza. Alichukua miaka 50,000 ya mwisho ya binadamu, akaigawanya kwa maisha ya watu wa miaka 62 hivi. Unapata maisha kama 800 yamefuatana. Kati ya hayo, kama 650 yaliishwa kwa mapango. Kuandika kumekuwepo kwa kama maisha 70 ya mwisho. Vitabu vya kuchapishwa, watu wengi wamevijua kwa maisha sita tu ya mwisho. Mota ya umeme, mawili. Na karibu vitu vyote unavyotumia kila siku vimetengenezwa ndani ya maisha ya 800. Yaani babu zako wote walikuwa wanatembea, halafu ni kizazi kimoja kimeambiwa kikimbie.

Hoja yake haikuwa ati mabadiliko ni mabaya. Alisema mwili na akili ya mtu ina kiwango cha mabadiliko inachoweza kubeba kwa wakati mmoja. Ukipita hapo, unaanza kuchoka bila sababu, kukasirika ovyo, kushindwa kuamua hata vitu vidogo. Tena aliandika haya kabla simu haijaingia kwa mfuko wa mtu yeyote.

Mawimbi matatu

Mwaka 1980 alirudi na The Third Wave. Humo aligawanya historia kwa mawimbi matatu. La kwanza ni kilimo, lililoanza kama miaka 10,000 iliyopita. La pili ni viwanda, miaka 300 hivi. La tatu ni habari na maarifa, ambalo kwake lilianza Marekani katikati ya miaka ya hamsini.

Wimbi la viwanda, alisema, lilifanya kila kitu kifanane. Shule inafanana na kiwanda: kengele, mistari, wote wanasoma kitu kimoja kwa saa moja. Wimbi la tatu linavunja hiyo. Vituo vya habari vinakuwa vingi na vidogo, kila mtu anaangalia chake. Ukiangalia simu yako na ya mathe leo, hakuna kitu mnaona pamoja. Hiyo aliandika 1980.

Kuna sura ya hicho kitabu inayotuhusu moja kwa moja. Toffler alikataa ile ngeli ya kwamba nchi maskini lazima zipitie njia ile ile ya Ulaya, moshi kwanza halafu kompyuta baadaye. Alisema zinaweza kuchanganya vitu vya kijiji na teknolojia mpya kabisa, bila kupitia katikati. Sasa angalia kwetu. Wakenya wengi hawakuwahi kuwa na simu ya waya nyumbani, waliruka moja kwa moja hadi ya mkononi. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007 wakati watu wengi hawakuwa na akaunti ya benki. Nyanya anauza maziwa ya ng'ombe wake asubuhi, analipwa kwa simu kabla jua kuwaka. Wimbi la kwanza na la tatu kwa mfuko mmoja wa leso.

Lakini alionya pia: mawimbi yakigongana, watu wanaumia. Kama kwa nyumba moja kuna mzae wa shamba, buda wa kiwanda na wewe wa laptopu, mabishano kuhusu kazi halisi ni gani hayataisha leo. Ukiambiwa "toka kwa hiyo simu utafute kazi" na kazi iko ndani ya hiyo simu, huo ndio mgongano wenyewe.

Vitu alivyoona mapema

Mzalishaji-mlaji. Toffler ndiye alitunga neno "prosumer", mtu anayetumia kitu na wakati huo huo anakitengeneza. Unaangalia klipu, unarekodi yako, unajibu ya mwenzako. Wewe ni mteja na ni kiwanda.

Kazi kutoka kwa nyumba. Kwa The Third Wave alieleza venye kompyuta zitarudisha kazi nyumbani. Watu walimcheka. Miaka 40 baadaye, mwaka 2020, korona ikafunga ofisi na dunia ikajifunza kwa wiki mbili kitu alichokuwa anasema kitambo.

Mbogi za muda. Alisema makampuni yenye ngazi nyingi za mabosi yatapitwa na vikundi vidogo vinavyoundwa kwa kazi moja, kisha vinavunjika. Kama umewahi kuwa kwa shuti ya video ya msanii, unajua: mtu wa kamera, wa taa, wa luku, kesho kila mtu ako kwa kazi ingine. Na Juni 2024 vijana waliingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha bila ofisi wala mwenyekiti. Hakuna mtu alihitaji kusoma Toffler ili kufanya hivyo, lakini yeye angetambua hiyo picha mara moja.

Habari kuzidi kichwa. Hakutunga hayo maneno, ila ni Future Shock iliyoyafikisha kwa watu wa kawaida.

Aliingiaje kwa muziki

Hapa wapenzi wa ngoma kaeni rada. Detroit, mji wa magari, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Roboti zinaingia viwandani, wazazi wanapoteza kazi. Kijana Mweusi anaitwa Juan Atkins anasoma The Third Wave. Kwa hicho kitabu Toffler anaongea kuhusu waasi wa teknolojia, watu ambao hawachukii mashine ila wanakataa kuachia wakubwa peke yao waamue itatumika vipi.

Atkins na mwenzake Rik Davis walikuwa na kundi linaitwa Cybotron. Wakachukua mashine za kupiga midundo, zile zile za aina iliyokuwa inatisha wazazi wao, wakatengeneza sauti mpya kabisa. Mwaka 1984 walitoa ngoma inaitwa Techno City. Muziki wa techno ulipopata jina lake, mkono wa Toffler ulikuwa hapo. Kumbuka hiyo siku utakapokuwa kwa pati na DJ aiweke: fundi wa Cleveland amechangia.

Hata kabla ya hapo, Curtis Mayfield alikuwa na wimbo wa mwaka 1973 wenye jina Future Shock, na Herbie Hancock akatoa albamu ya jina hilo hilo mwaka 1983.

China, Korea na wazito wengine

Kule China, The Third Wave kilisomwa sana miaka ya themanini, na Waziri Mkuu Zhao Ziyang aliitisha mikutano ya kukijadili. Mwaka 2006 gazeti la People's Daily lilimtaja Toffler kati ya wageni 50 waliosaidia kuunda China ya kisasa. Korea Kusini, ikiwa inatoka kwa shida ya uchumi, Rais Kim Dae-jung alipokea ripoti yake mwaka 2001. Naye Steve Case, mwanzilishi mwenza wa AOL, amesema wazi hicho kitabu ndicho kilimwasha, mpaka mwaka 2016 akaandika chake na kukipatia jina lile lile, The Third Wave.

Heidi, jina lililokosekana kwa jalada

Kwa miaka mingi vitabu vilitoka na jina moja tu: Alvin. Ila Heidi alikuwa hapo kwa kila ukurasa, akitafiti, akihariri, akibishana. Alvin mwenyewe alisema kazi ni ya wote wawili. Jina la Heidi lilifika kwa jalada mwaka 1993, kwa kitabu War and Anti-War, na tena 2006 kwa Revolutionary Wealth. Walipoteza binti yao wa pekee, Karen, mwaka 2000. Waliendelea kufanya kazi pamoja. Heidi alifariki Februari 2019. Kwa hivyo ukisikia mtu anasema "Toffler alisema", jua ni watu wawili wanaongea.

Alichoma picha wapi

Tusimfanye malaika. Aliona watu wakivaa nguo za karatasi za kutupa na wakiishi kwa miji chini ya bahari. Hakuna. Alifikiri kazi ikirudi nyumbani miji mikubwa itapungua nguvu. Muulize mtu yeyote anayetafuta keja Nairobi kama miji imepungua. Yeye mwenyewe hakujidai nabii. Alisema hakuna mtu anaijua kesho, na kazi yake ni kukusaidia kuuliza maswali mapema.

Na kuna ile kauli inazunguka mtandaoni na picha yake, ya kwamba mjinga wa kesho si asiyejua kusoma, ni asiyejua namna ya kujifunza. Inabandikwa jina la Toffler kila siku. Kwa kitabu chenyewe, ameiweka kama maneno ya mwanasaikolojia Herbert Gerjuoy. Toffler alikuwa muungwana wa kutaja mwenye mali. Sisi ndio tulimpora Gerjuoy.

Sasa wewe ufanye nini

Watu wengi wanamkumbuka Toffler kama mtu wa "badilika ama uachwe". Ukisoma vizuri, hakusema hivyo tu. Kwa Future Shock alitoa mawaidha mawili ambayo watu huruka.

La kwanza: chagua vitu ambavyo hutabadilisha. Kama kazi inabadilika na mtaa unabadilika, basi shikilia marafiki wale wale, ama kanisa ama msikiti ule ule, ama ile tabia ya kupigia mathe kila Jumapili. Mtu aliyebadilisha kila kitu kwa mwaka mmoja ndiye huanguka. Mwenye ana nguzo mbili tatu hazitingiziki anaweza kubeba mageuzi mengine yote.

La pili: tafuta wenye wanapitia kitu kile kile unapitia sasa hivi. Aliyefutwa kazi akae na waliofutwa kazi. Anayeanza chuo akae na wanaoanza. Si lazima wawe marafiki wa milele, ni wa hiyo safari tu.

Unajua kwa nini hii ni muhimu? Kuna vijana wengi hapa kwetu waliokuwa wanalipa rent kwa kuandikia watu wa majuu kazi za mtandaoni. ChatGPT ikatoka Novemba 2022, na kazi zikaanza kukauka. Wengine walidhani ni wao wamefeli, wakajifungia kwa nyumba, wakaona aibu kuambia hata mabeshte. Hawakuwa wamefeli. Walipigwa na wimbi, kama wale wa viwanda vya Cleveland na Detroit, na kitu cha kwanza walihitaji ni mtu wa kukaa naye na kusema "hata mimi".

Kama uko hapo sai, anza na simu moja kwa msee mnayejua mlikuwa mnafanya hiyo kazi pamoja. Cheki ako aje. Halafu muulizane ni nini mnajifunza mwezi ujao.